Paa wa Thumuni na Ahadi Zinazosubiri

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na mpaka leo haijaonekana. Leo pia haiji, mniwie radhi. Kuna jambo limenikaa kooni, na nimeona nisipoliandika hili sitaweza kuandika lile.

Jambo lenyewe ni hadithi. Ndiyo, hadithi, zile za paukwa, pakawa. Msikimbie, kompyuta zimo.

Nianze na hasira. Mapema mwaka huu nilimaliza programu ya kuhesabu bidhaa kwa mteja mmoja mwenye duka hapa Nairobi (jina lake nitalihifadhi). Tulipatana nusu ya malipo mwanzoni, nusu kazi ikiisha. Kazi iliisha. Programu inatumika kila siku. Kila jioni saa moja naona ikituma ripoti yake bila kukosa. Nusu ya pili ya pesa ndiyo haionekani. "Mwisho wa mwezi." Mwezi ukaisha. "Bosi amesafiri." Bosi akarudi. "Wiki ijayo, bila shaka." Kila anayefanya kazi za kujitegemea anaujua wimbo huu, anaweza hata kuuitikia.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa mbele ya laptopu, nimeingia kwenye seva, kidole kiko juu ya kitufe. Amri moja tu na duka zima lingeamka bila hesabu. Ndipo nikakumbuka hadithi niliyosimuliwa zamani, ya paa aliyemtajirisha bwana wake kisha akalipwa uji. Nikajiambia: huyo paa ndiye mimi. Nikaacha seva, nikaanza kuitafuta hadithi.

Kwa mara ya kwanza niliisikia nikiwa na miaka 14, ndani ya saiba. Nilikulia Umoja One, upande wa kuelekea Mutindwa, na karibu na kwetu kulikuwa na duka la intaneti lenye kompyuta nne za vioo vya mgongo mkubwa. Mwenyewe alikuwa mzee aliyezaliwa Mombasa. Sote tulimwita Mzee, na ndiye aliyetufundisha kuamkia "shikamoo" badala ya "sasa". Dakika moja ilikuwa shilingi moja. Alikuwa na daftari la shule: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, deni. Stima ikipotea (na mnajua stima ya Eastlands), alifungua mlango, akakaa kizingitini, akatusimulia hadithi za pwani mpaka irudi.

Hii ya paa aliipenda kuliko zote. Nilipoitafuta usiku ule niliikuta kwenye kitabu cha Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekusanya hadithi Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa wa pili. Kitabu kimepigwa picha kurasa zote na kinasomwa bure kwenye Internet Archive. Humo hadithi inaitwa Sultani Darai. Andrew Lang aliichukua kutoka hapo akaitia kwenye kitabu chake cha 1901, The Violet Fairy Book, kwa hiyo watoto wa Uingereza walimjua paa wetu zamani sana.

Nitaisimulia kwa maneno yangu, kwa kifupi.

Palikuwa na maskini aliyechakura jaani kila siku akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale. Akapita mtu anauza paa. Maskini akatoa thumuni yake yote akanunua paa mmoja. Watu wakamcheka: wewe mwenyewe huna chakula, huyo mnyama utamlisha nini?

Wakawa wanagawana mtama wa jaani. Kisha paa akasema, kwa sauti ya mtu. Akamwambia bwana wake: chakula hiki hakitutoshi, niruhusu niende malishoni asubuhi, jioni nitarudi. Bwana akasita. Huyu paa ndiye mali yake yote duniani! Mwishowe akamwachia. Majirani wakacheka upya, na yule maskini akalia, akijua thumuni imekwenda. Jua lilipotua, paa akarudi. Kesho yake akaenda, akarudi. Keshokutwa vilevile.

Siku moja huko malishoni akachimbua almasi kubwa. Akaifunga kwa majani, akaibeba mdomoni siku nyingi mpaka mji wa sultani wa mbali, akamposea bwana wake binti wa sultani. Akampa bwana jina jipya, Sultani Darai. Akampatia mavazi. Akaenda akamuua nyoka wa vichwa saba, akachukua jumba lake, akamweka bwana wake humo na mke wake. Kumbuka: bwana hajafanya lolote. Kazi yake yote katika hadithi nzima ni kutoa thumuni.

Kisha paa akaugua. Alikuwa chini, bwana yuko juu ghorofani. Akamtuma kizee wa nyumba amwambie bwana kuwa hali yake si nzuri. Bwana akajibu: mpikie uji wa mtama mwekundu. Mke akashtuka, kwa sababu mtama ule hata farasi hali. Bwana akasema wali ni wa watu. Paa akatuma tena ujumbe, na bwana akachoka naye: kwani si nilimnunua kwa thumuni tu? Hakushuka kumwona. Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke akamwandikia baba yake, watu wakaja, wakamtoa, wakamzika kwa heshima. Usiku mke akaota yuko kwa baba yake, akaamka na kweli yuko huko. Mume akaota anachakura jaani. Akaamka, mkono uko ndani ya taka.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa nimeridhika kabisa. Mteja wangu ataamka jaani! Nikalala vizuri.

Lakini mimi ni mtu wa kufuata vyanzo, na kesho yake niliendelea kuchimba. Hadithi hii ina ndugu zake. Wengi mnamjua paka mwenye viatu wa Mfaransa Charles Perrault, 1697. Mifupa ni ileile: maskini, mnyama mwerevu, jina la uongo, jitu linalouawa, jumba, binti wa mfalme. Kwa Perrault mambo yanaisha kwa raha: paka anakuwa mtu mkubwa, anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Kabla yake yuko Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka 1634 hadi 1636, baada ya yeye kufariki. Kwake maskini anaitwa Cagliuso, na anamwahidi paka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba akifa atamhifadhi ndani ya kizimba cha dhahabu. Paka si mjinga. Anajifanya amekufa. Cagliuso anamwambia mkewe: mshike mguu umtupe dirishani. Paka anainuka, anamtolea maneno makali, anaondoka zake.

Na yupo chura wa ndugu Grimm, hadithi ya kwanza katika kitabu chao cha 1812. Binti mfalme anamwahidi chura urafiki ili amwokotee mpira wa dhahabu, kisha anakimbia. Chura anapobisha mlango, mfalme anamlazimisha binti yake: uliloahidi, litimize.

Hapo nikakwama, kwa sababu nilitaka kujua ahadi ya bwana wa paa ilikuwa wapi. Nikarudi kwa Steere, nikasoma upya nikitafuta. Haipo! Cagliuso aliahidi akavunja. Binti mfalme aliahidi akalazimishwa. Katika hadithi ya Unguja anayeahidi ni paa peke yake: "jioni nitarudi". Naye akatimiza. Bwana hakutamka chochote. Ukimpeleka mahakamani angeshinda kesi. Hakuna mkataba, hakuna shahidi, na bei ya mnyama inajulikana, thumuni. Hakuna hata mfalme mlangoni wa kumwambia timiza. Hata hivyo wasimulizi wa Unguja, waliokuwa na hiari ya kumalizia hadithi kwa harusi, waliendelea mbele mpaka wakamrudisha jaani.

Sasa kidogo kuhusu kompyuta, nilivyowaahidi. Kwa wasioandika programu: katika lugha ya JavaScript kuna kitu kinaitwa Promise, yaani ahadi. Jina hilo lilipendekezwa na Daniel Friedman na David Wise mwaka 1976, na kwenye JavaScript likaingia rasmi mwaka 2015. Wazo lake ni kama kuagiza chapati kibandani. Mama hakupi chapati papo hapo, anakwambia "kaa, inakuja". Wewe unaendelea na maongezi yako. Ahadi hiyo ina hali tatu tu: inasubiri, imetimizwa, au imekataliwa (unga umeisha). Ikishatimizwa au kukataliwa haibadiliki tena.

Zamani ahadi ikikataliwa na hakuna aliyeandaliwa kupokea habari hiyo, Node.js ilitoa onyo tu kisha ikaendelea na maisha. Tangu toleo la 15, Oktoba 2020, programu inaanguka. Watu walilalamika, lakini mimi naona ni haki. Aliyekataliwa ana haki ya kusikia kelele.

Hali inayonisumbua ni ile ya kwanza. Ahadi inayosubiri inaweza kusubiri milele. Hakuna kosa, hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Iko tu. Nimewahi kutafuta tatizo la aina hiyo siku mbili nzima, kwa sababu kila kitu kilionekana kizima.

Nilikuwa nimeanza kuandika makala nzuri ya kuchekesha kuhusu hizo hali tatu na mteja wangu. Nikafika kwenye sentensi ya ahadi inayosubiri milele, mikono ikasimama juu ya kibodi.

Ngoja niwaambie kuhusu Mzee.

Nikiwa na miaka 14 sikuwa na shilingi ya dakika. Nilikuwa nasimama nyuma ya wateja nikitazama. Jioni moja, akifunga, aliniambia: "Kijana, mimi nahesabu pesa na kufagia mpaka saa tatu. Kaa kwenye ile ya pembeni, usiguse nyingine." Tangu siku hiyo, karibu kila jioni kwa miaka mitatu, nilikuwa na saa nzima ya bure. Humo ndimo nilimojifunza kuandika programu. Jina langu halikuwahi kuingia kwenye lile daftari. Yeye ndiye aliyenichapishia fomu za mkopo wa chuo, na nilipouliza bei akasema tutahesabu baadaye.

Nilipomaliza kidato cha nne nilimwambia: "Mzee, nikisoma hii kazi nitakutengenezea programu ya kuhesabu dakika, uachane na daftari." Akacheka. "Ahadi ni deni, kijana." Nikasema naam, ni deni.

Nikaenda chuo, nikasoma sayansi ya kompyuta. Nikahitimu, nikapata kazi, nikahama Umoja. Kila nilipompigia Mzee, au yeye kunipigia, nilisema "wikendi hii". Sikuwahi kusema sitafanya. Nilikusudia kweli. Ningeiandika kwa siku mbili, na labda kwa sababu ilikuwa ya siku mbili sikuona haraka.

Mwaka jana alinitumia ujumbe: "Mwanangu umepotea. Hii sukari imeingia kwenye macho. Ukipata nafasi pita." Niliusoma nikiwa kwenye mkutano. Nikaingia M-Pesa, nikamtumia 500. Akajibu: "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Nikajisikia mtu mwema, nikarudi kwenye mkutano.

Someni tena ule ujumbe. Hakuomba pesa. Alisema pita. Mtu yuko chini anaumwa, ametuma ujumbe juu, na mimi nimejibu: mpikieni uji.

Kwa hiyo miezi yote ile nikijiona paa, nilikuwa bwana. Na mimi ni mbaya kidogo kumshinda yule wa kitabuni, kwa sababu mimi niliahidi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu ya Umoja. Niliogopa njia nzima ya Jogoo Road, sitaficha. Saiba ilikuwa nusu yake. Nusu nyingine imekuwa kinyozi. Ndani ilibaki kompyuta moja, printa, na dirisha la M-Pesa, na aliyekaa hapo ni binti yake. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, palepale kizingitini.

"Shikamoo, Mzee."

Hakugeuza macho, aligeuza sikio. "Marahaba. Huyo ni kijana wa ile ya pembeni. Umekula?"

Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba radhi kuanzia steji mpaka pale. Nilisema nusu yake, akanikata: "Wewe ulikuwa na kazi. Kaa." Sikujua kama amenisamehe au amenionea huruma, na sikuthubutu kuuliza.

Kisha nikafungua laptopu. Nilikuwa nimeiandika wiki ile, usiku mbili: programu ya kuhesabu dakika, safi, yenye rangi. Dada akaitazama akanyamaza. Halafu akasema kwa upole, "Ni nzuri. Lakini siku hizi hakuna mtu analipa dakika. Kila mtu ana intaneti kwenye simu. Wanakuja kuchapisha, kutoa nakala, na kusaidiwa na fomu za eCitizen na KRA."

Hilo sikulitarajia. Nilidhani ahadi iliyochelewa inangoja pale ulipoiacha. Nilikuja na dawa ya mgonjwa aliyekwisha kuhama. Kama ningeileta mwaka ule nilipoisema, ingemsaidia Mzee miaka kadhaa. Hiyo miaka siwezi kuirudisha kwa msimbo wowote.

Ikabidi niulize, kama ninavyomuuliza mteja yeyote anayelipa: sasa hivi tatizo lenu ni nini? Dada akatoa daftari. Daftari la shule lilelile, jipya, lakini safu ni zilezile isipokuwa dakika. Majina na madeni. Kurasa tano 20, mtu mwingine 50, kurasa kumi bila jina, "yule wa gari ya maji". Watu wa mtaa, pesa kidogo kidogo, na akijumlisha mwisho wa mwezi inakuwa kodi ya nyumba.

Niliiandika upya kwa jioni nne. Python na SQLite, haihitaji intaneti, inakimbia kwenye ile kompyuta yao kuukuu yenye RAM ya GB 2. Jina, kiasi, tarehe, na vitufe viwili: "anadaiwa" na "amelipa". Nikaona imekamilika.

Siku ya kuiweka, Mzee aliomba asomewe vitufe. Binti yake akamsomea. Akauliza, "Na cha kusamehe kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna, Mzee, mtu ama amelipa ama anadaiwa.

"Basi haijaisha. Kuna mama hapa mumewe amekufa juzi, alichapisha matangazo ya mazishi. Huyo utamwandika wapi? Hajalipa. Na hadaiwi."

Nikakaa chini nikaongeza kitufe cha tatu: "amesamehewa". Wakati naandika nilitaka kumuuliza kama na jina langu limo upande huo, nikakumbuka kwamba hakuwahi kuniandika popote.

Sasa kila Jumamosi ya pili ya mwezi napita. Nimeiweka kwenye kalenda ya simu, na inapiga kelele mpaka nikubali. Mzee haoni tena kioo, kwa hiyo jioni binti yake humsomea majina, naye husema huyu msamehe, huyu mkumbushe, huyu ana pesa huyo, mfuate!

Mteja wangu? Bado hajalipa. Sikuizima programu yake, maana wafanyakazi wa duka wanaitegemea na hawakunikosea. Nimemwandikia barua rasmi yenye kiasi na tarehe, na nimeomba anijibu ndiyo au hapana. Hata hapana itanifaa kuliko "wiki ijayo". Najua ilivyo kuwa upande wa pili wa neno hilo.

Ile sehemu ya pili ya hifadhidata itakuja Jumapili hii. Nimeandika Jumapili, sikuandika "karibuni". Isipokuja, nipigieni kelele.

Na wewe msomaji, kama kuna mtu amekutumia ujumbe wa "umepotea", usianze na M-Pesa.

Kwaherini kwa sasa.